Alama ya Baba Kwenye Mizinga ya Dada

Nilifika Rungwa nikitokea Itigi, nilikokuwa nikipakia magunia ya alizeti. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali mpaka mahindi niliyopanda yakakomaa. Dada yangu ameolewa Rungwa. Nilikwenda kumsalimia tu, nikakuta ua umejaa mizinga mipya ya mbao na shemeji amekuwa mpole kupita kiasi.

Upole ule ulinitia shaka. Kule asali imekuwa ya wanaume siku zote, kwa sababu mizinga ya magogo hukaa juu ya miti, na mwanamke hapandi mti. Mizinga ya mbao hutundikwa chini, usawa wa kifua. Basi dada na wenzake wakaunda kikundi, wakauza kuku na karanga, wakanunua yao. Kilabuni nilikuwa nimewasikia wanaume wakiwacheka. Shemeji hakucheka. Asubuhi ile alikuwa amewasha moto uani, anachoma chuma cha alama yake mpaka kiwe chekundu.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Nawasaidia. Bila alama wezi watawavunia."

Hilo ni kweli. Porini mzinga wenye alama hauguswi, hata na mwenye njaa. Lakini alama hiyohiyo ndiyo inayosema asali ni ya nani, na mtoto wa kiume huirithi kwa baba yake. Wanawake hawana. Mzinga ukishapigwa alama ya mume, siku ya kuvuna mume ndiye anayegawa. Kuikwangua ni wizi.

"Mbona unapiga yako?"

"Nipige yako, wewe usiye na hata kuku?"

Tukacheka wote wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

Dada akatoka jikoni. "Baba watoto, hebu ngoja kidogo." Akanivuta nyuma ya nyumba. Nilianza kumweleza niliyoyagundua, akanikatiza.

"Nilijua tangu aliposema atanisaidia. Huyu hajawahi kunichotea hata ndoo ya maji. Alama ya baba iko kwa nani?"

Ilikuwa kwangu. Mikato miwili iliyosimama na mmoja wa mshazari. Baba alinionyesha nikiwa mdogo, na sikuwahi kuitumia, maana sikuwahi kuwa na mzinga.

"Uipige wewe," akasema, "mbele ya wenzangu."

Wanawake wakaitwa. Nikashika tezo, nikakata alama kwenye mzinga wa kwanza, nikatamka mbele yao na mbele ya shemeji kwamba nampa dada yangu alama ya baba yetu, aitumie na kikundi chake. Shemeji alifukia moto kwa mchanga polepole.

"Sawa," akasema. "Kumbe shemeji ulikuja kuvuna."

Bibi mmoja, mkubwa wa kikundi, akainama akaipapasa ile mikato kwa kidole gumba.

"Hii nayo ni alama ya mwanamume," akasema. "Ulikuwa wapi siku zote, mjukuu?"

"Natembeatembea tu, bibi."

"Anayetembea iko siku huchoka. Ukioa hapa, mwanao ataikuta alama ya babu yake kwenye mizinga yetu. Atasema ni ya nani?"

Nilimtazama dada anitetee, naye akautazama mzinga. Kisha akanyoosha mkono, nikampa tezo. Kwetu mtoto wa pili wa kiume huongeza mkato wake kwenye alama ya baba, ili mali yake isichanganywe na ya kaka yake. Sikuwahi kusikia mtoto wa kike aliyefanya hivyo. Dada akakata mstari uliolala chini ya ile mitatu, mrefu, uliopinda kidogo kwa sababu mkono haukuzoea.

"Kata hivihivi yote iliyobaki," akaniambia. "Kesho uondoke, watu wasianze kukuzoea hapa."

Nilikata alama hiyo kwenye mizinga yote. Bibi alinifuata mzinga kwa mzinga, akihakikisha kwamba ule mstari wa chini upo.