Hata kwa Ndugu, Hata Bure

Jina lake la kuzaliwa walilijua watu wachache, na hao wachache nao walishaanza kulisahau. Mji mzima ulimwita Bisibisi. Alilipata utotoni, alipokuwa akimfuata kaka yake kwenye nyumba za mafundi nguo akimshikia vifaa, likamganda mpaka leo ana mvi mbili tatu na goti linalolalamika akipanda ngazi. Mwanamke huyu kazi yake ni kutengeneza cherehani. Hashoni, na usimwombe akushonee hata kifungo, atakuharibia nguo bure. Lakini mpe cherehani inayokata uzi, inayoruka mishono, inayopiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Ataisikiliza kidogo, atasema, "Aa, kumbe ndiyo shida yako," kisha atafungua mkoba wake.

Basi Jumamosi moja akaitwa kiwandani. Si kiwanda cha kutisha, ni jengo refu la bati wanamoshona sare za shule, cherehani za umeme zimepangwa safu kwa safu, na vumbi la pamba limewaganda watu mpaka kwenye nyusi. Fundi wao wa mashine alikuwa ameumia mkono. Walitaka mtu wa kushika kazi kwa miezi mitatu, mpaka msimu wa sare upite. Na huyo fundi aliyeumia ndiye kaka yake Bisibisi, yule yule aliyemfundisha kazi.

Utasema dada mtu alikuwa na habari. Hakuwa nayo! Yeye na kaka yake walikuwa hawasemezani. Mwaka juzi cherehani ya mama yao iligoma, ile ya kukanyaga kwa miguu, iliyowalea wote wawili. Mama akampigia simu kaka. Bisibisi alikuwepo pale pale, mkoba begani, akasema, "Mama, si mimi hapa?" Mama akasema hapana, hii ataitengeneza kaka yako, mwache aje. Na kaka mtu, bila haya, akajibu, "Mama, tafuta fundi mwingine." Akakata simu.

Fundi mwingine! Kwa mama aliyekuzaa! Mama alibaki ameshika simu sikioni kama anangoja neno la pili. Halafu akaifunika cherehani kwa kitambaa, akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa, akawa anashona kwa mkono. Bisibisi naye akaapa: kiwanda kimemvimbisha kichwa kaka, basi akae nacho hicho kichwa.

Kwa hiyo msimamizi wa kiwanda aliposema, "Karibu sana, mama, kaka yako anakusifu mno," Bisibisi nusura akae chini kabla hajaonyeshwa kiti.

"Kaka yangu mimi? Ananisifu?"

"Ndiye aliyetutajia jina lako. Alisema hakuna mwingine mji huu."

Msimamizi alikuwa mtu wa sauti laini, wa kukuvutia kiti na kukuuliza watoto hawajambo. Akamsogezea karatasi na kalamu. Bisibisi, moyo umeshaanza kulainika, alikuwa tayari anahesabu raha ya mshahara wa mwisho wa mwezi, kuliko kuzungukia mafundi wanaokuambia pita kesho. Lakini ana tabia moja aliyotoka nayo kwenye kazi, haweki mkono mahali kabla ya macho kutangulia. Akasoma. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikafika mahali kikakataa kuendelea.

"Mfanyakazi hatatengeneza cherehani ya mtu yeyote nje ya kiwanda, wakati wa kazi na kwa miaka miwili baada ya kuiacha, katika mji huu na miji ya jirani, kwa malipo au bila malipo, kwa mteja, rafiki au ndugu."

Akarudia kusoma, labda macho yamemdanganya. Wapi! Maneno yalikuwa pale pale.

"Baba," akasema, "hiki ni kitu gani?"

"Aa, hicho cha kawaida tu. Mashine zetu zina siri zake, hatutaki zitoke nje."

"Siri gani? Nimetengeneza cherehani toka sijaota meno ya ukubwani. Nifanye kazi miezi mitatu, halafu miaka miwili nikae nimekunja mikono? Nile nini, hizo siri?"

Msimamizi akacheka kwa adabu. "Mama, kila mtu anasaini hivyo hivyo. Hata kaka yako alisaini."

Hapo Bisibisi akapigwa na butwaa kweli kweli. Hata kaka yake. Kwa malipo au bila malipo. Rafiki au ndugu. Na mama kwenye simu, na yale maneno yaliyowachoma wote miaka yote hii: tafuta fundi mwingine. Kumbe hakikuwa kichwa kilichovimba! Kumbe mtu alikuwa amefungwa mikono, na wao huku wanamla nyama!

Aliomba aende na karatasi akafikirie. Akapewa mpaka Jumatatu. Hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, ghorofa ya tatu, goti linalia kila ngazi, na yeye mwenyewe karibu alie.

Wifi yake ndiye aliyefungua mlango. Alipomwona akarudi nyuma hatua moja, kisha akamkumbatia kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kaka alikuwa kwenye kochi, mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka vidoleni mpaka kiwiko. Amekonda. Hawakusalimiana. Bisibisi akaitoa karatasi mkobani akaiweka mapajani mwake.

"Kaka, kwa nini hukusema?"

Kaka akaitazama ile karatasi kama mtu aliyekutana na mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Ningesemaje? Mimi ndiye Fundi Mkubwa, mafundi wote mjini wananiamkia. Nilisaini kwanza, nikasoma baadaye. Nilipokuja kusoma, niliona aibu. Nikaona heri mama aniite jeuri kuliko mjinga."

"Tumekusema vibaya, kaka. Nisamehe."

"Yamekwisha."

Yangekwisha hapo, watu wangefuta machozi, wakacheka. Lakini wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, uvumilivu umemwishia.

"Kwa hiyo umeshasaini?" akauliza.

"Mwache kwanza," kaka akasema haraka.

"Nimwache vipi na Jumatatu ndiyo hiyo? Si walisema akisaini yeye, wewe wanakuachia?"

Hakika wifi alimwaga mtama wote pale sakafuni. Bisibisi akamgeukia kaka yake polepole.

"Wanakuachia nini?"

Kaka hakuinua uso. Alisema yote akiongea na plasta yake. Kiwanda kilikuwa kimeshamtoa kazini toka siku alipoumia. Hakukuwa na kazi ya muda wala nini, nafasi ilikuwa wazi moja kwa moja. Lakini ile miaka miwili ilikuwa bado inamshika shingo. Mkono ukipona, hana pa kuupeleka. Njia ya kuchaniwa karatasi yako ni moja tu, umlete fundi mwingine asaini yake. Ndivyo pale kazi inavyorithishwa. Yeye mwenyewe aliingizwa na yule mzee mwenye baiskeli, fundi aliyekuwapo kiwandani kabla yake.

"Yule aliyekuja nyumbani akakusifu mpaka mama akamwandalia chakula?"

"Huyo huyo."

"Jamani!" Bisibisi akashika kichwa. "Na mimi nikimaliza, kaka? Mimi nimlete nani? Sina mdogo mimi!"

Bisibisi akakaa kwenye mkono wa kochi. Hasira ilikuwepo, lakini kilichomuumiza zaidi ni kwamba alimwona kaka yake vizuri. Fundi asiyeruhusiwa kugusa mashine hana tofauti na aliyekatwa mkono wenyewe. Akisaini, kaka anapona na yeye anafungwa. Asiposaini, kaka anabaki hivyo hivyo, na dada mtu ndiye aliyekataa kumtoa.

"Ungeniambia tu," akasema mwisho. "Ungeniambia, mdogo wangu, nimekwama, nitoe. Huenda ningesaini hata bila kusoma. Lakini kuniuza kimya kimya huku unanisifu!" Akafuta uso kwa mgongo wa kiganja. "Vaa viatu. Kabla sijaamua chochote, mama ataisikia hii kutoka kinywani mwako."

Kaka alivaa viatu kwa mkono mmoja, na dada yake akamfunga kamba bila kusema neno.

Mama alikuwa dirishani, anapindisha gauni kwa sindano ya mkono. Alipoona ni nani aliyeingia nyuma ya binti yake, sindano ilimchoma kidole, na hakuitoa mara moja. Kaka akasema yote akiwa amesimama. Bisibisi akausoma ule mstari kwa sauti. Mama alisikiliza mpaka mwisho, damu inamtoka kidogo kwenye kidole.

"Rudia pale pa ndugu," akasema.

Bisibisi akarudia.

"Hata bure?"

"Hata bure, mama."

Kaka hakungoja zaidi. Alikwenda kwenye kona akakivuta kile kitambaa, vumbi likaruka. "Waje wanishike basi," akasema. "Na wewe Bisibisi usisaini. Nilikosea kukutaja. Nitakaa na miaka yangu mpaka iishe." Akainama, akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono wa kushoto. Likazunguka laini, jepesi mno. Akachungulia chini, akarudia kuchungulia.

"Mkanda uko wapi?"

Mama aliinuka, akavuta kisanduku cha pembeni ya cherehani, akautoa mkanda wa ngozi. Ulikuwa umekunjwa vizuri, mzima, hauna hata ufa.

"Niliutoa mwenyewe," akasema.

"Mama!" Bisibisi akapiga kelele. "Cherehani haikuharibika?"

"Haikuwahi kuharibika. Kaka yako toka aanze hicho kiwanda alikuwa haji, kila siku ana kazi. Nikasema, nikimwambia cherehani imegoma, hapo atakuja." Akaupitisha mkanda vidoleni. "Ndiyo maana nilikukataza usiiguse. Wewe ungeona mara moja."

Bisibisi, yeye anayesikiliza mashine za mji mzima, hii iliyo kwao hakuinua hata kitambaa chake. Kaka alikuwa amepiga goti sakafuni, plasta kifuani, mabega yanatikisika.

Kurudisha mkanda kunataka mikono miwili. Kaka alishika upande mmoja kwa mkono wake mzima, Bisibisi akaupitisha upande wa pili kwenye gurudumu, ukaingia. Akaweka tone la mafuta hapa na pale. Na kwa kuwa cherehani iliyotengenezwa lazima ijaribiwe, na kitambaa cha kujaribia hakikuwa karibu, alichukua ile karatasi ya kiwanda, akaiweka chini ya sindano, pale penye nafasi ya saini, akakanyaga. Mshono ukapita umenyooka, mwanzo wa mstari mpaka mwisho.

"Jumatatu nitawarudishia hivyo hivyo," akasema.

Kaka alikuwa ameinuka, amesimama katikati ya chumba kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti. Mama akamgeukia.

"Mwanangu," akasema, "kwenye hiyo karatasi, kuja kunisalimia nako wamekukataza?"

Kaka aliinamisha kichwa.

"Chai je? Chai imeandikwa?"

"Haikuandikwa, mama."

Mama akatikisa kichwa. "Haya, kaa," akasema, akaenda jikoni kubandika maji.