Siku Gia ya Nyuma Ilipokubali

Pikapu ile haikuwa na kufuli, wala haikuhitaji. Mlango wa dereva tuliufunga kwa kamba ya mpira, na swichi ilikuwa imechakaa kiasi kwamba ufunguo wowote uliiwasha, hata wa kabati la vyombo. Kilichoilinda ni mkono wake wa gia, ule uliochomoza ubavuni mwa usukani kama magari ya zamani yalivyokuwa. Ulikuwa umelegea. Ukiushika unacheza huku na huku kama jino la mtoto, na asiyeujua angeweza kutoka jasho hadi jioni bila kuipata gia ya kwanza. Mimi niliujua. Marehemu mume wangu alinifundisha, kiganja chake juu ya changu: uvute kwako, uunyanyue kidogo, ngoja, sikiliza, halafu ushushe. Gia ya nyuma hata yeye aliikosa. Ndiyo maana siku zote tuliizungusha pikapu uani na kuiegesha kichwa kikitazama barabarani, tusije tukahitaji kurudi nyuma.

Alipofariki, na kilio kikaisha, ndugu zake walikuja kugawana. Kufa kufaana. Walichukua friji, televisheni, suti zake, hata sahani za wageni nilizonunua mimi. Pikapu walimpa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Akapanda, akaiwasha, akaanza kupigana na gia mbele ya ukoo mzima. Pikapu ikanguruma, ikatoa harufu ya klachi inayoungua, ikaruka mara moja kama mbuzi aliyechapwa, ikazima. Akamwita rafiki yake, dereva wa malori, mtu mwenye shingo nene na maneno mengi. Naye akashindwa. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka, kichwa nimekifunika kama mjane anavyotakiwa, nikacheka ndani ya kitenge. Mungu anisamehe, au asinisamehe, nilicheka.

Shemeji aliposhuka alijifuta mikono kwenye suruali, akasema kila mtu asikie:

"Hii motokari iko mubovu. Ibakie kwanza hapa. Siku itatengenezwa, nitakuya kuikamata. Iko ya famille, ya ukoo."

Kwa hiyo ubovu ule ndio uliotulisha, mimi na wanangu. Kila alfajiri nilitoka nayo hapa mtaani kwetu Hewa Bora, nikashika barabara ya Kasenga hadi kwenye mashamba, nikawapakia akina mama na mizigo yao: mahindi, mihogo, mboga za lengalenga, na makala, yaani mkaa. Nikawashusha sokoni, nikarudi kwa wengine. Watu waliponiona kwenye usukani waliniita mama shofa, wakadhani nimeukata. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakulijua bega langu la kulia. Kila kubadilisha gia kulikuwa ni mabishano, na mimi mabishano yangu mengine nilikuwa nayo tayari nyumbani, shuleni kwa watoto, na sokoni kwa wanaotoza ushuru. Jioni nilishindwa kuinua mkono kufungua kitenge kichwani; binti yangu ndiye aliyenifungulia. Nilikuwa nikila nikiwa nimefumba macho.

Watu wenye nia njema waliniambia kuna sheria inayomtetea mjane. Nilijua ipo. Lakini sheria inataka mtu wa kuifuatia ofisi hadi ofisi, na miguu yangu ilikuwa imeajiriwa na klachi.

Kilichonilazimisha kuitengeneza ni lori la madini. Tulikuwa tunaingia barabara kuu kutoka njia ya shamba, nimejaza, akina mama wamekaa juu ya magunia. Nilipotaka kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, mkono ukakwama. Ugonjwa huo niliujua: gia mbili zinang'ang'aniana, injini inalia, magurudumu hayaendi. Dawa yake ni kushuka, kufungua boneti, kuingiza mkono hadi chini ya usukani na kusukuma vyuma virudi mahali pake. Nikashuka. Nikiwa nimeinama humo ndani, kwapa limegusa chuma cha moto, nikasikia honi. Lori lilikuwa linateremka limebeba mawe yake, na halikuwa na nia ya kusimama. Mmoja wa akina mama alikuwa na kichanga mgongoni. Alipiga kelele ambayo mpaka leo naisikia. Lori lilitukwepa likipita kwenye majani, vumbi jekundu likatufunika, na tulipoweza kuonana tena wote walikuwa wameshashuka.

Walinisubiri niikwamue, wakapanda hadi sokoni kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine. Walipomaliza kushusha mizigo, aliyekuwa mkubwa wao akaja dirishani.

"Mama shofa, tunakupenda," akasema. "Lakini hatutakufa juu ya levye ya gia. Hatutapanda tena mpaka utengeneze."

Hakuwa amekosea. Nikarudi nyumbani na gari tupu, nikakaa jikoni nikiitazama sufuria. Nisipoitengeneza, hakuna abiria, hakuna chakula. Nikiitengeneza, shemeji atakuja. Niligeuza mambo hayo mawili kila upande mpaka maharage yakashika moto. Nilimkasirikia mume wangu kwa kufa, nikamkasirikia mdogo wake kwa kuishi, nikajikasirikia mwenyewe kwa kuunguza maharage. Mwisho nikaona nimechoka mno hata kuogopa. Kesho yake nikaipeleka mtaa wa Bel-Air kwa fundi.

Fundi huyo ni mzee wa Kiislamu, wazazi wake walitoka Maniema. Kofia yake ilikuwa nyeupe zamani. Alimjua mume wangu, na pia aliijua habari ya mgawanyo wetu, kwa sababu katika mji huu habari haihitaji mafuta ili ifike. Alifungua boneti, akanionyesha kwa bisibisi. Chini kabisa ya nguzo ya usukani kulikuwa na vikono viwili vya chuma, kimoja kwa ajili ya gia ya kwanza na ya nyuma, kingine kwa ya pili na ya tatu. Kila kimoja kiliungwa na fimbo ndefu iliyokwenda hadi kwenye giaboksi. Pale fimbo zinapoungana na vikono palitakiwa kuwe na pete ndogo za kuzishika zisicheze. Za kwetu zilikuwa makombo. Matundu yenyewe yalikuwa yameacha kuwa mviringo, yamekuwa mayai. Na juu ya makombo hayo mume wangu alikuwa amefunga vipande vya mpira wa baiskeli na waya, vizuri, kwa subira, kama mtu anayefunga kidonda.

"Ona bwana yako!" fundi akacheka. "Alikuwa munganga, hakuwa mekanisie."

Akavikata vipande vile vya mpira kwa koleo, akavitupa kwenye rundo la vyuma vibovu. Nilitaka kuviokota, nikaona haya.

Kisha akaacha kucheka. Akajifuta mikono polepole, akaangalia kama kuna mtu karibu.

"Mama, nikuambie kintu. Hii ubovu njo kadena yako, njo kufuli. Nikiitengeneza muzuri, nani atashindwa kuiendesha?"

"Najua, papa fundi."

"Basi nitengeneze mukono moja tu. Ile ya vitesi ya pili na ya tatu. Ile ingine, ya kwanza na ya nyuma, niiache vile iko. Utateseka kidogo kwa kuondoka, lakini bantu batashindwa."

Lilikuwa wazo la mtu mwema, na nalikumbuka hivyo hadi leo. Nilifikiri kila alfajiri nitakayokaa ndani ya pikapu nikiibembeleza gia ya kwanza, gizani, bega likilia, mwaka baada ya mwaka, mimi niwe ndiyo kufuli ya mali yangu mwenyewe.

"Tengeneza yote," nikamwambia. "Miye nilichoka, papa."

Hakubisha. Alichomelea yale matundu yaliyolika na kuyatoboa upya, akampelekea jirani yake mwenye mashine ya kukereza kipande cha shaba ngumu, na pete zikarudi zikiwa bado na joto, ziking'aa. Pini iliyoushika mkono wa gia pale usukanini akaitoa, akaweka nene zaidi. Akaweka giaboksi huru, akalala chini ya gari, akawa anazikaza na kuzilegeza zile fimbo hadi vikono viwili vikakaa sambamba na msumari ukapita katika matundu ya vyote viwili bila kusukumwa. Muda wote huo alikuwa akiongea na pikapu, akiitukana kwa upole kama watu wanavyomtukana ng'ombe wao.

"Panda," akasema alipomaliza. "Usiivute kwa nguvu. Haiko tena mugonjwa."

Nikatoka nayo peke yangu kuijaribu. Mkono wangu uliendelea na mazoea yake: ukavuta, ukanyanyua, ukangoja. Hapakuwa na cha kungoja. Gia ilikuwa imeshaingia. Ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia, sauti yake ndogo kuliko ya kufunga droo. Nilifika mpaka mitaa ya Makomeno, kule kwenye miti na kuta ndefu, na huko nikasimamisha gari pembeni nikalia. Nililia kwa nafuu, na pia kwa sababu kile kiganja kilichokuwa juu ya changu kila nilipongoja sasa hakikuwa na kazi. Hilo sikuwa nimelitarajia. Nilidhani nimekwisha kumlilia.

Halafu nikajaribu gia ya nyuma. Ikakubali mara ya kwanza. Nikarudi nyuma hadi kwenye nguzo ya umeme, nikaenda mbele, nikarudi tena. Mlinzi mmoja akatoka getini.

"Mama, unapotea?"

"Hapana," nikamwambia. "Minacheza."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Nilicheza kidogo zaidi, kisha nikaenda kumshukuru fundi.

Nilipofika nyumbani nilifanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tangu pikapu ile iwe yetu. Niliingia uani kichwa mbele, moja kwa moja, hadi pua ya gari ikakaribia ukuta wa jiko, kama wafanyavyo watu wenye magari mazima. Binti yangu akapiga makofi. Nilishuka bila haraka, nimejaa majivuno, na usiku ule nililala kama gunia.

Mtaa wote ulikuwa umezoea kusikia pikapu yetu ikisaga meno kwenye kona. Siku hiyo iliingia kimya, na kimya hicho ndicho kilichofika kwa shemeji yangu, nyumba chache nyuma yetu.

Alikuja asubuhi, nikifagia uani. Alivaa shati safi. Alinisalimia vizuri, akaulizia watoto, akaulizia bega langu. Mtu mbaya kabisa angenirahisishia mambo; huyu ni mtu aliyekosa kazi kwa muda mrefu, anayeamini kwamba kitu cha kaka yake ni chake, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo isipokuwa mimi. Akafungua ile kamba ya mpira, akaketi kwenye usukani.

"Shemeki, unakumbuka vile famille ilisema."

"Nakumbuka. Na weye unakumbuka nani alilisha batoto ya yaya yako, kaka yako? Famille?"

"Tusigombane, shemeki. Nitakuwa nabaletea kintu."

"Shuka."

"Shemeki..."

"Nasema shuka! Ulikuwa wapi nikiwa naingiza mukono mu moto ya hii motokari? Ulikuwa wapi?"

Akachomeka ufunguo, sijui wa mlango gani, na injini ikawaka. Nikakimbia mbele ya gari, nikajipenyeza kati ya pua yake na ukuta wa jiko, fagio mkononi, mgongo nimeuegemeza kwenye matofali. Boneti ilikuwa karibu na tumbo langu, nikahisi inavyotetemeka.

"Basi pita," nikamwambia. "Pita juu yangu."

Alinitazama kupitia kioo. Hakuwa na hasira, na nilitamani awe nayo. Akavuta mkono wa gia kwake, akaunyanyua, mara moja tu, kama mtu aliyeushika maisha yake yote.

Pikapu ikaanza kuondoka mbele yangu kinyumenyume. Nikapiga hatua moja kuifuata, nayo ikarudi zaidi. Nikapiga nyingine, ikawa imeshafika katikati ya ua. Kuku wakatawanyika. Nilibaki nimesimama ukutani nikilinda njia ambayo hakuna mtu aliyeihitaji. Binti yangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

Barabarani akageuza, akaweka gia ya kwanza, ikaingia bila kelele. Kabla ya kuondoka alitoa kichwa dirishani, kwa adabu, kama tulivyolelewa sote.

"Bakia muzuri, shemeki."

Na mdomo wangu, ambao ulikuwa umechoka kuliko mimi, ukamjibu: "Enda muzuri."