Kiwiko cha Mama

Nilikuwa nimevuka miaka hamsini, mwanafunzi mzee kuliko wote katika darasa la uzamili, nilipokutana na ugonjwa wa baba yangu katika kitabu ambacho wala sikukiendea. Mwanafunzi wa udaktari alikuwa amekiacha wazi juu ya meza ya maktaba. Ukurasa ule ulieleza habari za watu ambao, wakilala, koo zao hujifunga na pumzi hukatika, tena na tena kwa usiku mmoja, mpaka mwili ushtuke na kuvuta hewa kwa kishindo. Na kwamba mchana watu hao husinzia popote, wakiwa kazini, wakiwa mezani, hata katikati ya mazungumzo. Niliisoma aya ile mara tatu, kisha nikatoka nje.

Kitabu hakikutaja hasira popote. Nilirudi ndani kuhakikisha.

Baba alikuwa msimamizi wa tangi la maji katika stesheni ya Voi, miaka michache baada ya vita vya Wajerumani. Injini zilijazwa maji pale kabla ya kuendelea na safari, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba tangi limejaa kila gari la moshi linapofika. Alikuwa mtu mnene, mwenye shingo fupi na maneno ya kuchekesha, na alikuwa akisinzia. Nimemwona akilala na tonge mkononi. Nimemwona akilala amesimama, bega kwenye pampu, mdomo wazi. Sisi nyumbani tulicheka, naye alipoamka alicheka pamoja nasi.

Tulikuwa tumepanga chumba nyuma ya duka la Mwislamu mmoja aliyetoka pwani. Mkewe alilala upande wa pili wa ukuta wa mabati, na hakuna alichokikosa. Asubuhi moja alimkuta mama uani akifua.

"Mwenzangu, mumeo jana kanitoa kitandani. Nilidhani gari la Mombasa limepita humu uani."

Mama aliona haya. "Nisamehe, bibi. Nifanyeje naye?"

"Kukoroma si neno. Wangu naye hukoroma. Lakini wako hunyamaza! Hunyamaza hata mimi huku nikamtolea shahada. Ukisikia kimya, usimwache. Mtie kiwiko."

Tangu siku hiyo mama alilala huku kiwiko chake kikigusa mbavu za baba. Kimya kilipozidi, alimsukuma kwa nguvu na kusema, "Amka wewe, utaniua!" Baba alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani, akageuka, akaendelea kulala. Hakukumbuka lolote asubuhi. Mama ndiye aliyekumbuka. Alikonda, macho yakawa mekundu, na alipopata homa ya muda mrefu akaniomba nishike zamu ya kwanza. Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili, nasoma shule ya misheni, na nilijivunia kuhesabu urefu wa kila kimya.

Nataka kuandika jambo linalofuata kwa usahihi, maana nimelizungusha akilini kwa muda mrefu hata sasa nina shaka na kona zake zote. Niliichukia zamu ile. Shuleni nilisinzia, mwalimu akanisimamisha juu ya benchi, wenzangu wakaniita binti wa tangi. Na usiku mmoja, baba aliponyamaza, nilihesabu mpaka pale nilipozoea kumsukuma, kisha nikaendelea kuhesabu kwa makusudi. Sikutaka afe. Nadhani nilitaka kuona kama kweli alinihitaji. Mwisho nilimsukuma, akapumua, na sikumwambia mtu. Hiyo ndiyo hasira iliyokuwa katika nyumba yetu, na ilikuwa yangu.

Siku moja baba alilala kwenye pampu, tangi likabaki tupu, na injini ikangoja na abiria wake juani. Alikuwa ameonywa tayari. Akafukuzwa kazi, nasi tukafunga mizigo na kupanda milimani, nyumbani kwa baba, Mghange.

Pale alikuwapo shangazi, dada mkubwa wa baba, mjane, aliyeshika mji wote wa ukoo mkononi. Alimpenda ndugu yake kwa mapenzi ya kumlinda, na hakuhitaji wiki mbili kumwona akilala kwenye maharagwe aliyokuwa akipukuchua. "Huu si uchovu," alisema. "Mtu hachoki akiwa amekaa."

Lazima nieleze desturi, kwa kuwa bila hiyo shangazi ataonekana katili, naye hakuwa katili. Kwetu Taita ilijulikana kwamba hasira ya mtu wa karibu, ikifichwa moyoni, humdhuru yule aliyekasirikiwa, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira hujaza kinywa maji au pombe, hutema kwa kurusha, na hutamka mbele ya watu kwamba ameitoa, mgonjwa apone. Hakuna adhabu. Ni desturi ya upole, na mpaka leo siwezi kuidharau. Misheni walitukataza, tuliitika kanisani na kurudi nyumbani kutasa.

Shangazi alimwendea mwaguzi, akarudi na jibu kwamba hasira imo ndani ya mji, kwa mtu anayelala karibu na mgonjwa. Watu wanane hivi waliitwa uani, asubuhi, baba akiwa amekaa kwenye kigoda na kupigana na kope zake. Mama aliwekwa mbele.

"Mke wa ndugu yangu, sema tu," shangazi alianza. "Hasira si wizi. Sote tunazo."

"Kama ninayo, siioni, dada."

"Haionekani. Husemwa."

Mzee mmoja, binamu wa baba, alidakia: "Mke wangu hutasa kila nikirudi kutoka pombeni, na miguu bado inaniuma." Watu walicheka, hata mama alitabasamu, na kwa muda kidogo nilidhani mambo yangeishia pale.

Shangazi hakucheka. Alinigeukia. "Wewe msomi. Misheni wanakufundisha usiseme uongo, sivyo? Tuambie. Usiku mama yako humfanya nini baba yako?"

"Humpiga kiwiko," nilisema.

"Mara moja?"

"Mara nyingi. Sijui idadi."

"Na husema nini akimpiga?"

"Husema, 'Amka wewe, utaniua.'"

Hakuna aliyecheka tena. Mama alinitazama, na mtazamo wake haukuwa wa lawama. Alikuwa akingoja sehemu iliyobaki ya sentensi. Sehemu hiyo nilikuwa nayo: kwa sababu baba huacha kupumua. Ni maneno machache. Nimejieleza kwa njia nyingi kwa nini sikuyasema. Kwamba niliulizwa mama hufanya nini, sikuulizwa sababu, na shuleni tulifundishwa kujibu swali lililoulizwa. Kwamba mtoto hadakii wakubwa. Kwamba niliogopa swali ambalo lingefuata, nani mwingine humwamsha, na huyo je, ana hasira? Sababu hizi zote ni za kweli, na zote ni ndogo kuliko ile ya nne, kwamba wakimkataza mama kumwamsha baba, zamu yangu, ambayo tulikuja nayo kutoka Voi, nayo ingekwisha.

Mama alisubiri, kisha akapokea kibuyu cha pombe ya miwa. Alijaza kinywa, akatema kwa kurusha upande wa baba, akasema, "Kama nilikuwa na hasira, naitoa. Alale apone."

"Usiseme kama," shangazi alimwambia, kwa sauti ya chini.

Akatema tena. "Nilikuwa na hasira. Naitoa. Alale apone."

Baba aliinua kichwa, akauliza ni nani anayemmwagia mvua. Safari hii watu walicheka kwa kufarijika.

Shangazi akaamua kwamba sasa mgonjwa aachwe apumzike kweli. Mkono wa mama usimguse usingizini. Baba angelala peke yake katika nyumba kubwa, mama na mimi jikoni, ng'ambo ya uwanja. Kila asubuhi shangazi alisimama mlangoni pa baba na kusema, "Mmesikia? Hata kukoroma kumepungua." Kuta za udongo zilikuwa nene, na hakuna aliyekuwa karibu wa kusikia kitu. Mimi nililala. Naandika hili kwa sababu sitaki kuliacha: nililala usingizi mtamu kuliko wowote ninaoukumbuka, na katika shule ya misheni ya huko sikusimamishwa juu ya benchi.

Baba alivimba miguu. Akashindwa kupanda mpaka shamba la juu. Mama alimwendea shangazi, akaomba arudishwe kulala nyumba kubwa.

"Umesahau ulichokitema?" shangazi alimuuliza.

Hapo ndipo nilipoona jinsi mlango ulivyofungwa. Kila alipoomba kumkaribia, ombi lilionekana kuwa mabaki ya hasira. Mtu wa pekee aliyeweza kusema na kuaminiwa nilikuwa mimi, msomi asiyesema uongo. Mama alijua hivyo. Alinikuta mtoni nikichota maji.

"Waambie ulivyomsikia kule Voi. Mimi hawanisikii."

"Nitawaambia, mama."

"Lini?"

"Jumapili, watu wakikusanyika."

Jumapili mbili zilipita. Ya kwanza kulikuwa na wageni. Ya pili nilikuwa nimeitunga hotuba yote, nimeipanga vizuri, na nilipokuwa nikingoja mahali pa kuingilia mazungumzo, watu waliinuka wakaenda zao. Siku chache baadaye shangazi alimpelekea baba uji wa asubuhi, na sote tukasikia bakuli likianguka.

Siwezi kusema kwamba baba angepona. Kitabu kile hakikuniruhusu kusema hivyo, na nimejaribu kuwa mwaminifu kwa kitabu. Ninachoweza kusema ni kwamba kilinitoa katika kosa moja na kunitia katika jingine. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeamini, kwa siri, na licha ya masomo yangu yote, kwamba chuki ya mtoto wa miaka kumi na miwili ilimnyonga baba yake. Aya moja ikanifungua. Aya hiyohiyo ikanionyesha kwamba kati yetu sote, mwaguzi, shangazi, misheni na mimi, mwanamke mmoja tu ndiye aliyekuwa akimtibu, usiku baada ya usiku, na mimi ndiye niliyesaidia kumwondoa pembeni mwa kitanda. Mama alikwisha kufa niliposoma hayo. Sikuwa na wa kumpelekea.

Hakuna aliyemfukuza mama. Watu walisema tu kwamba alitema kwa kinywa, moyo ukabaki na hasira. Wanawake waliacha kuja kumsaidia kulima. Mtoto akiugua, hawakumpa ambebe. Aliishi hivyo katika mji ule mpaka uzeeni, na shangazi, ambaye alimlilia ndugu yake mpaka sauti ikakauka, aliendelea kumsalimu kila asubuhi kwa heshima, kama mtu anayesalimu mgeni.

Siku moja, miezi michache baada ya mazishi, tulikuwa tumekaa mbele ya jiko tukichambua maharagwe, mama na mimi peke yetu. Alisema, bila kuinua macho:

"Labda ilikuwamo."

"Nini, mama?"

"Hasira. Mtu hajui kila kilichomo moyoni mwake. Kuna siku kule Voi nilimchoka. Nilimsukuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika." Alitupa jiwe dogo kando. "Wewe ulilala chumba kimoja nasi. Uliniona nina hasira naye?"

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Alikuwa ameniuliza mimi, na safari hii swali lilikuwa limekamilika. Halikuacha pembe ya kujificha. Ningeweza kumwambia hasira ilikuwa ya nani. Ningeweza hata kumwambia nusu tu, kwamba sikuwahi kuiona kwake, na hilo lingekuwa kweli.

"Sikumbuki, mama," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta.

"Basi ilikuwamo," akasema, na akauvuta ungo upande wake.