Anasubiri kubipiwa na friji

Saa moja kamili asubuhi. Amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, macho kwenye simu. Kila siku saa hii husubiri kubipiwa mara mbili. Bipu ya kwanza imeshaingia: ni mama yake, anayeishi peke yake, akimjulisha kwamba ameamka mzima.

Ya pili bado. Hiyo hutoka kwenye friji la chanjo.

"Dakika tatu tu naliachia," anasema. "Zikipita, natoka mbio."

Ana miaka thelathini na minne, ni fundi wa programu katika hospitali ya watoto, na wauguzi wanamwita Kengele. Kazi yake ni rahisi kuieleza, kuifanya ndiyo kasheshe. Kipimajoto cha friji hutuma vipimo kwenye huduma ya arifa iliyo kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali. Huduma hiyo hupeleka arifa kwenye jukwaa la programu alilolijenga yeye, ambalo hukaa tu mpaka kitu kitokee. Joto likipanda, jukwaa linaamka, linampigia muuguzi wa zamu na kumwita fundi wa mafriji.

Kuviunganisha hivyo viwili, huduma na jukwaa, ndiko kulikomtoa jasho. Kabla ya kutuma arifa yoyote, huduma ya wingu hutuma kwanza ujumbe wa kuuliza: kweli mnataka kupokea? Usipojibu, haitumi kitu.

Jukwaa halikujibu.

"Nilikuwa nimeliagiza, ujumbe usio na digrii, tupa," anasema, akijipiga paji la uso. "Na ule wa kuuliza haukuwa na digrii. Likautupa. Likanitii, jamani! Kosa langu mwenyewe."

Siku kumi na moja hakukuwa na arifa hata moja, naye akatembea kifua mbele akidhani mafriji yote ni mazima. Siku ya kumi na mbili muuguzi mkuu akafungua mlango wa friji na kukuta digrii kumi na tisa, wakati chanjo haitakiwi kuzidi nane. Dozi mia nne na kumi na mbili zikatupwa. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakarudishwa nyumbani na vichanga vyao.

Kwenye foleni hiyo alikuwamo wifi yake, na mtoto wa miezi miwili mgongoni.

"Aliniuliza mbele za watu, 'Wifi, si ulisema umeweka kengele?' Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Alirekebisha kosa siku hiyohiyo, lakini moyo haukutulia. Kimya kilimtia hofu, maana hakujua kama ni cha uzima au cha ubovu. Jibu alilipata kwa mama yake: kila asubuhi friji nalo libipi, hata kama halina shida. Mumewe alicheka mpaka akakohoa. "Sasa nina wakwe wawili wa kusalimia," alimwambia.

Saa moja na dakika tatu. Hakuna kitu. Anampigia muuguzi mkuu. Simu inaita hadi inakata. Anavaa kiatu cha pili akiwa tayari mlangoni.

Hospitali iko mtaa wa tatu. Anakimbia bila kusalimia mtu, anapita getini na kuingia chumba cha chanjo akihema. Sakafu inang'aa. Mama wa usafi anaendesha mashine ya kusugulia, na waya wake umechomekwa pale pale palipokuwa na waya wa friji. Kipimajoto kilikuwa kikitumia soketi hiyohiyo, kwa hiyo nacho kilizimika na hakikuweza kumwita mtu.

"Mama, chomoa! Chomoa hiyo!"

"Mungu wangu! Nilijua nachomoa dakika mbili tu, mwanangu."

Muuguzi mkuu anaingia mbio, anachungulia kipimajoto cha akiba ndani ya friji. Saba nukta nne. Anasoma tena, kisha anakaa kwenye kiti na kushusha pumzi.

"Nzima," anasema. "Kengele, leo hukulia. Umekuja mwenyewe."

Yeye hacheki. Anarudisha waya mahali pake. Anataka kipimajoto kipate betri yake, na soketi ya friji ifungiwe kwa kufuli. Zaidi ya hapo ana ombi moja: "Siku moja simu yangu iishe chaji, na mimi nisishtuke."

Saa mbili mlango unafunguliwa. Wa kwanza kwenye foleni ni wifi yake, mtoto mgongoni. Haingii. Anasimama kizingitini na kumtazama usoni.

"Wifi, leo ipo?"

"Ipo, wifi. Mlete mtoto."