Gari la Baba Linamisi

Baba yangu alinunua gari la turbo katika umri ambao wenzake wananunua fimbo za kutembelea. Aliyemuuzia ni kijana mmoja wa Mwanza aliyekuwa akishindana nalo. Kijana huyo alikuwa ameipandisha presha ya turbo, ameweka pampu kubwa ya mafuta, amebadilisha programu ya injini, na ili gari liwe jepesi aling'oa betri ya kawaida akaweka kibetri unachoweza kukibeba kwapani. Mimi ni fundi, nina gereji Bariadi, na nilimwambia baba mapema kwamba lile si gari la kwendea shamba. Akanijibu kuwa amechoka kula vumbi la wengine. Mama alikuwa amefariki mwaka ule. Nilipomwona anacheka nyuma ya usukani, nikafunga mdomo wangu.

Miezi michache baadaye likaanza kumisi. Ukienda polepole, shwari. Ukikanyaga, turbo ikianza kusukuma hewa, injini inakatakata kama mtu anayeongea huku ana kwikwi. Baba akanipigia simu.

Nilifungua plagi nikazikuta nyeusi, zimelowa petroli. Hapo fundi anajiuliza mawili: mafuta yamezidi, au cheche ni dhaifu? Kwenye gari la turbo hewa inabanwa sana ndani ya silinda, na cheche dhaifu humo ni kiberiti kwenye upepo. Nikabadilisha plagi. Nikahamisha koili, zile zinazozipa plagi umeme, kutoka silinda hii kwenda ile nione kama ugonjwa utahama, haukuhama. Nikapima presha ya mafuta, nikabadilisha chujio, nikachaji betri. Nikalikimbiza barabara ya Lamadi, likaenda vizuri ajabu. Nikamrudishia baba nyumbani kwake Binza, nikajisifu. Wiki haikuisha, simu ikalia: linakohoa tena. Nikarudia yote, nikalirudisha zima, likaugua tena. Nililitukana lile gari matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana mchungaji wetu anasoma.

Halafu likataka kuua. Baba alikuwa analipita lori la pamba, kaka yangu mkubwa amekaa pembeni yake, na mbele linakuja basi. Katikati ya kulipita lori, gari likaishiwa nguvu. Baba alifanikiwa kurudi nyuma ya lori, Mungu ni mwema. Walipofika nyumbani kaka aliuchomoa ufunguo, akautia mfukoni. Akaniambia kwenye simu kwamba yeye anarudi kazini kwake Mwanza Jumatatu. Nisipokuwa nimeujua ugonjwa kufikia hapo, gari linauzwa.

Baba hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu baba anabishana mpaka na redio. Goti lake moja limeshakataa kazi, na shamba lake la pamba liko Ipililo. Bila gari angekaa barazani Binza kutwa nzima akitazama bodaboda za watu zikipita. Nilipofika Jumamosi nilimkuta amekwisha kukaa hapo.

Kwa kuwa gari lilikuwa zima kila likiwa mikononi mwangu, nikaona ugonjwa huu haupo gereji, upo njiani. Nikamwomba kaka atoe ufunguo. Baba akaendesha, kaka akakaa mbele, mimi nikakaa nyuma na mashine ya kupimia mapajani, macho kwenye namba za volti. Tulikuwa tunaelekea Ipililo.

Hata Binza hatujaimaliza, baba akamwona mzee mwenzake. Akasimama, akazima gari, akashuka, akavua kofia. Mwadila. Mhola? Mhola duhu. Ndiyo salamu yetu ya Kisukuma: habari za mchana, salama? Salama tu. Wakaulizana habari za ng'ombe, za mvua, za wajukuu, mmoja mmoja. Akarudi, akawasha, tukasogea kidogo: mwalimu wa kwaya. Akazima, akashuka. Kisha mama muuza dagaa. Kisha mtu na mkewe kwenye baiskeli. Sisi Wasukuma hatupungi mkono tukapita, sawa, lakini baba amezidi.

Nikaanza kuelewa. Kila akiwasha, kile kibetri kinanyonywa, na injini inamwagiwa mafuta mengi ya kuwakia. Kabla betri haijarudishiwa ilichotoa na plagi hazijakauka, anazima tena. Namba zikawa zinashuka mbele ya macho yangu. Tulipofika kwenye mwinuko, baba akakanyaga, na kwikwi ikaanza. Umeme umepungua, pampu inazembea, cheche haina nguvu, plagi zimelowa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kaka akadhani nimechanganyikiwa.

"Baba," nikasema, "gari lako linaumwa salamu."

Nikawaeleza. Betri kubwa nitaweka, plagi mpya nitaweka na mwanya wake nitaubana ili cheche iruke kirahisi. Lakini akiendelea kuzima kila hatua, plagi zitalowa tena. Aache injini iungurume anapomsalimia mtu.

Baba alinigeukia, uso umekunjamana. "Nimwamkie mtu mzima huku namngurumia? Sikulelewa hivyo, na wewe sikukulea hivyo."

Kaka akasema basi, liuzwe. Nikamkasirikia, ila nilijua hakosei. Kuponea chupuchupu mara moja kunatosha.

Jumapili baada ya ibada nilimaliza kufunga betri na plagi, tukatoka tena watatu. Tulipoiacha Binza nyuma, tukamwona mbele bibi mmoja, rafiki wa marehemu mama, anakuja na jembe begani. Baba akapunguza mwendo. Akasimama mbali naye, mbali mno, nikadhani amekosea. Akavuta breki ya mkono. Vidole vyake vikagusa ufunguo, vikakaa hapo.

Akauachia.

"Shukeni," akasema.

Tukaliacha gari linaunguruma peke yake, tukamfuata akichechemea na lile goti lake mpaka kwa bibi. Mlio ulikuwa umebaki kule nyuma. Baba akavua kofia, mimi nikapiga goti vumbini, kaka na suruali yake ya kanisani akainama. Mwadila, mayu, yaani mama. Bibi akauliza mbona gari tumelitupa kule. Baba akamwambia lina kelele, halina adabu mbele ya wakubwa. Wakasalimiana hadi wakaridhika.

Tuliporudi, namba zangu zilikuwa zimesimama imara. Baba akakanyaga, turbo ikapiga mluzi, na mwinuko ule tukaupanda bila kukata hata mara moja. Nilimpiga kaka begani kwa furaha, akanitazama vibaya, lakini alikuwa anatabasamu.

Nyumbani baba aliiacha injini iungurume kidogo ili turbo ipoe, kama nilivyomfundisha, akazima, akamkabidhi kaka ufunguo. Kaka aliushika, akautazama, akamrudishia.

"Kaa nao, baba. Kesho unipeleke stendi, basi langu ni la asubuhi."

Baba akautia mfukoni. Akamwambia basi aamke alfajiri sana, maana kutoka hapa mpaka stendi kuna watu wengi.