Mwanamkuu na Sindano ya Miaka Sita

Sauti ninayoikumbuka ni ya sinia likiburutwa juu ya jamvi: krrr. Ilikuwa hitima, pale mtaani kwetu Kanyenye, na wanawake wanne walikuwa wakiisogeza pilau mbali na mkono wa Mwanamkuu. Kwa adabu, bila shaka. Walimwambia wanakwepa upepo.

Mkono ule ulikuwa na soriasisi. Kinga ya mwili hukosea adui, ikaishambulia ngozi, nayo ngozi ikamea mbio na kupukutika magamba. Haiambukizi. Lakini Kanyenye tuna madaktari wengi, baadhi yao wauza vitenge, na wote walijua inaambukiza. Wakamwagiza asali ya kunywa, asali ya kujipaka, na kutubu. Mwanamkuu, mpishi wa shughuli, akabaki kumpikia paka wake kwa miaka kumi na mmoja.

Kisha kliniki ya ngozi ikamwanzishia sindano ya kibayolojia, ile inayoituliza kinga. Miezi minne, ngozi ikatakata. Madaktari wetu wakabadilisha somo: sasa sindano itamuua. Wakampa mwaka mmoja. Tumesubiri sita, naye ananenepa tu, na sufuria zake zimerudi harusini.

"Shoga, hiyo dawa bado haijakudhuru?" Ummy, muuza vitenge, alimuuliza juzi.

"Bado, shoga. Nivumilieni."

Ila alikuwa ameanza kukohoa. Alikoholea kwenye mtandio, na jikoni akausingizia moshi. Alijua kinga ikitulizwa, kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Ndiyo maana anayekohoa husimamishiwa sindano mpaka apimwe. Dawa ikisimama, magamba huenda yakarudi. Na Jumamosi kulikuwa na harusi, watu mia tatu walikuwa wanaingojea pilau yake.

Siku ya sindano, muuguzi Renatus akafungua faili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Homa?"

"Sina."

"Jasho la usiku?"

"Jasho langu la mchana linatosha."

"Kukohoa?"

"Mimi mpishi, baba. Moshi."

Renatus akacheka, akaandika, akaishika sindano. Mwanamkuu akapandisha mkono wa baibui. Akautazama mkono wake, laini, mweusi, usio na doa hata moja. Akautazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga. Kisha akamshika muuguzi kiganja, na Renatus ikambidi ainame ndipo amsikie.

"Siyo moshi, baba. Wiki ya tatu sasa."