Maumivu ya Kuteremka

Enzi za Mjerumani nilibeba mbao kutoka milima ya Usambara hadi relini Korogwe. Mimi ni mtu wa Handeni, nimezoea tambarare, nikadhani taabu iko katika kupanda. Siku ya kwanza niliteremka na mzigo begani, nikalala salama. Kulipokucha mapaja yalikuwa mazito, yanauma hata kuguswa.

Nilikwenda kumsalimu mama mkwe, Mshambaa aliyekuwa amehamia Korogwe. Nilipochutama kumwamkia, miguu iliishiwa nguvu, nikaanguka uani kwake.

“Shikamoo, mama,” nilisema nikiwa pale chini.

“Marahaba, mwanangu. Umeteremka na mzigo?”

“Ndiyo, mama. Lakini kupanda ndiko kulikonitoa jasho.”

“Ukipanda, misuli inajikunja na kukusukuma. Ukiteremka, inavutika huku imekaza, inakuzuia usiporomoke. Hapo ndipo inapoumia. Usilale tu, tembea polepole.”

Nilitembea huku nimeuma meno. Baada ya siku chache maumivu yaliisha, nikarudi mlimani. Safari ya pili mapaja hayakuuma sana, yalikuwa yameanza kuzoea. Uchovu ndio haukuniacha, maana nyapara alituongezea mbao.